Mamumunye ya Sambath

Mavi ya popo, na tuyaite kwa jina lake, yana mlio wake. Jioni popo wakishatoka kwenye mivumo, miti mirefu ya jamii ya mnazi, huwa kimya kabisa. Alfajiri wakirudi na matumbo yamejaa, kinyesi huanza kudondoka juu ya wavu uliotandazwa chini, tap, tap, tap, mvua nyepesi isiyolowesha mtu. Nimol alikuwa ameisikia mvua hiyo tangu alipoolewa, na usingizi wake mtamu kuliko wote ulikuwa wa saa hiyo, usingizi ambao ndani yake mtu hajui kama yuko kitandani au anaelea mtoni.

Mumewe, Sambath, ndiye aliyekuwa akiipanda mivumo ile mirefu na kufunga juu mafungu ya majani makavu, ili popo wapate pa kujibanza mchana. Nimol alitandaza wavu na kufagia. Usiku kucha popo walikula wadudu juu ya mashamba ya mpunga na juu ya mto Mekong, bila kuuliza shamba ni la nani, kisha wakaja kujisaidia kwa Nimol. Kinyesi kilikwenda bustanini, na bustani ikalisha nusu ya kijiji. Mtoto hawakujaliwa. Watani walisema, "Hawa wawili wanafuga popo badala ya watoto," na Sambath aliwajibu, "Wangu hawadai viatu vya shule." Watu walicheka. Lakini taa ikizimwa Nimol alimsikia mumewe amelala macho, na hakumwuliza anawaza nini, kwa sababu alijua.

Sambath alikufa kwa homa wakati wa joto, kabla mvua za kwanza hazijaja. Wakamchoma kama ilivyo desturi. Nimol na wifi yake Chantha, dada wa marehemu, waliiosha mifupa kwa maji ya dafu, ikiwa imeungua hadi kusagika mikononi, wakaitia pamoja na majivu ndani ya mtungi wa udongo, wakaufunga mdomo kwa kitambaa cheupe. Mtungi ukawekwa nyumbani, juu ya rafu, kusubiri. Chantha alitaka kaka yake ajengewe mnara wake hekaluni, mnara wa saruji wa kuhifadhia mifupa, wenye ncha ya rangi ya dhahabu kama wa watu wengine, na Chantha akitaka jambo huwa hana simile.

Sasa mitungi ilikuwa miwili. Waliinunua siku moja kwa mfinyanzi yuleyule anayepita na gari la ng'ombe, na hata mama aliyeizaa asingeitofautisha, kama mitungi ingekuwa na mama. Mmoja ulikuwa wa Sambath. Mwingine ulikaa chini ya nyumba na ndani yake Nimol alimwaga majivu ya jikoni, maana kinyesi cha popo huchanganywa na majivu ili kikauke na kipungue harufu. Halafu yakaja mafuriko makubwa ya mwaka jana. Maji yalipanda nguzo za nyumba mpaka yakalamba sakafu. Vyombo vyote vikapitishwa mkono kwa mkono, mtumbwini, mpaka kilima cha hekalu, na maji yalipopungua vikarudi vivyo hivyo. Nimol alikifungua kile kitambaa cheupe kilicholowa, akakianika juani. Jioni akakifunga tena, kwa heshima zote, kwenye mtungi usio wake.

Maji yalipokwenda yaliacha tope lao laini juu ya bustani, nalo tope la Mekong ni jambo jingine. Nimol akapanda mamumunye. Akachanganya kinyesi cha popo na majivu, akazungushia kila shina, akaimba kidogo. Na mamumunye yaliota! Yalipanda miti ya uzio, yakapanda paa la choo, yakaning'inia mazito na ya kung'aa hata wapita njia wakawa wanasimama. "Shangazi, umeyalisha nini?" aliuliza Phally, binti jirani ambaye wakati huo alikuwa na tumbo lililomtangulia kila mahali. "Popo wamekula vizuri mwaka huu," alijibu Nimol, akamkatia moja.

Zikafika siku za Pchum Ben, siku za wafu. Siku hizo milango ya huko waliko hufunguliwa nao hutoka na njaa ya mwaka mzima, midomo yao midogo isiyopitisha hata punje kubwa, wakienda hekalu hadi hekalu kutafuta mahali ambapo jamaa zao wamewawekea tonge. Wasipokuta kitu, huzunguka gizani mpaka siku ziishe. Sambath alipenda kula. Alikuwa mtu wa kukomba sufuria kwa kidole. Nimol alipokuwa akimfikiria anatangatanga na njaa, akichungulia mahekalu ya watu, moyo ulimwuma kama kidonda kinachoguswa. Kwa hiyo mnara ulipokamilika, na siku ya kumhamishia Sambath ndani yake ikawadia, alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu kifo. Sasa atakuwa na anwani, aliwaza. Atajua pa kuja.

Walikaa ukumbini kwa mtawa mkuu, kizee chembamba ambacho kijiji kizima kilikiita Babu Mtawa. Chantha mwenyewe ndiye aliyefungua kitambaa. Akachungulia. Akaingiza mkono. Akatoa kipande cha gunzi la mahindi lililoungua. Akaingiza tena, akatoa mfupa mrefu mwembamba, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Wifi," alisema polepole, "kaka yangu alikuwa na miba?"

Nimol aliutazama ule mwiba wa samaki.

"Haya ni majivu ya jikoni," alisema.

"Naona. Na yeye yuko wapi?"

"Kwenye ule mtungi mwingine."

"Basi ukalete huo mwingine, tusimchoshe Babu Mtawa."

"Hauna kitu, wifi. Nilichanganya na mavi ya popo."

"Ukachanganya na nini?"

"Nikaweka kwenye mamumunye."

Mjusi alipita juu ya boriti. Kisha Chantha akapaza sauti mpaka wapishi wakatoka jikoni. "Kaka yangu! Mtu wa watu! Umemchanganya na mavi ukamfanya mbolea ya mboga!"

"Sikujua, wifi."

"Hukujua! Mtu umelala naye ubavu kwa ubavu maisha yako yote, unashindwa kumtofautisha na kuni?"

Babu Mtawa aliinua kidole, akauliza kwa upole, "Mamumunye yale makubwa, mama? Uliyotuletea majira ya baridi?"

"Ndiyo, Babu Mtawa."

"Tuliyopikiwa mchuzi?"

"Hayo hayo."

Mzee alilitazama tumbo lake kwa muda. Mtawa kijana aliyekuwa nyuma yake alishikwa na kikohozi. "Na mimi nikaomba niongezewe," alisema mzee.

"Babu, usinichekeshe," Chantha alisema, machozi yakimlengalenga. "Nina hasira, na nataka kubaki nayo."

Nimol alikuwa na swali moja tu. Alilibeba kifuani mpaka likatoka lenyewe. "Babu Mtawa, sasa atakuja kula wapi? Nimwite kutokea wapi?"

Mtawa alifikiri. Ni mtu aliyesoma sana na kuzika wengi, lakini hakuwa na tabia ya kumpa mtu jibu la kumfukuzia. "Hilo silijui, mama," alisema. "Nikisema najua nitakudanganya."

Alasiri ile Nimol alijilaza kwenye kitanda cha mianzi chini ya mivumo. Joto lilikuwa limesimama. Huko juu popo walisinzia ndani ya majani makavu, wakilialia kidogo kama wanaoota. Alifumba macho akaanza kumfuata mumewe.

Alimwona akiingia ardhini na maji ya kumwagilia, akizama taratibu, akipokewa na mizizi myeupe. Akamwona akipanda ndani ya shina, akikunja kona za uzio, yeye aliyekuwa hodari wa kupanda, mpaka akafika kwenye maua. Maua ya mumunye hufunguka jua likizama, meupe, laini, na nondo huyajia kabla giza halijashika vizuri. Basi Sambath alikuwa kwenye unga wa maua. Alikuwa tumboni mwa nondo, akipaa juu ya mpunga, juu ya mto, akiona kijiji kutoka mahali ambapo hakuwahi kukiona akiwa hai. Hapo popo akaja, akamdaka. Na alfajiri, tap, tap, tap, akarudi nyumbani juu ya wavu, na mkewe akamfagia, akampeleka tena kwenye shina. Mara ngapi alikuwa amemfagia? Aliona mikono yake mwenyewe ikifanya kazi hiyo, asubuhi baada ya asubuhi, na aliyefagiwa akimwangalia na kucheka bila sauti. Na wale nondo wengine? Na yale mamumunye yaliyokwenda sokoni, wakala watu wasiomjua hata jina? Na bata wa jirani walioiba maganda? Kila alipomkaribia, Sambath aligawanyika, akaenda njia nyingi, naye Nimol alikuwa na miguu miwili tu. Aliamka jasho likimtoka. Raha yote ya ile ndoto ilikuwa imegeuka. Mtu aliye kila mahali, nani atamtafunia tonge?

Asubuhi Chantha alifika na chekeche mbili na jembe. Hakusalimu.

"Amka. Mto unakuja."

Ilikuwa kweli. Mekong ilikuwa imeshavuka ukingo, maji ya kahawia yakijisogeza kati ya mashina ya zamani ya mamumunye, pole pole, bila wimbi. Siku mbili tatu bustani nzima ingekuwa mto. Wakaanza upande ule wa maji. Chantha alichimba, Nimol alichekecha, wakitafuta chochote cheupe, hata kipande cha jino, kitu cha kuweka ndani ya ule mnara wenye ncha ya dhahabu. Walipata minyoo minene. Walipata mizizi mingi, myembamba kama nywele, imeshika udongo vipande vipande.

"Hapa!" Chantha alipiga kelele mara moja, akakishika kitu kidogo cheupe kwa vidole viwili, akakipuliza, uso ukang'aa. Kisha akakigeuza. Kilikuwa gamba la konokono.

Hapo ndipo alipolia. Alikaa kwenye tope na nguo yake nzuri akalia kwa sauti. Nimol hakuwa amewahi kumwona hivyo, hata siku ya kumchoma Sambath. "Nilimbeba mgongoni yule," alisema Chantha. "Mama alikuwa shambani, mimi ndiye niliyekuwa nikimtafunia wali. Mtu mzima mkubwa vile, wifi, hata jino?"

"Nisamehe, wifi."

"Usiniombe mimi. Mwombe yeye, ukimpata."

Mbele ya maji, pale yalipokuwa yanaingia tu, samaki wadogo walikuwa wamekwisha kufika. Walikuwa wakidaka wadudu waliokuwa wanatoka mashimoni, wakikomba udongo, mikia ikimetameta kwenye kina cha kidole. Wanawake wawili waliwatazama.

"Haya," Chantha alisema, akijifuta pua. "Sasa na samaki."

Kesho yake bustani ilikuwa chini ya maji.

Ikafika alfajiri ya kuwatupia wafu tonge. Hufanywa kabla hakujapambazuka, maana wafu wenye njaa huuonea haya mwanga. Kijiji kizima kilikuwa kilimani, miguu mitupu, kila mtu na mabonge yake ya wali wa kunata wenye ufuta na nazi, wakilizunguka hekalu gizani. Watu walitupa tonge pembeni, kwenye nyasi, na kila aliyetupa alinong'ona majina ya watu wake. Mama yangu, njoo ule. Babu, njoo ule. Manong'ono yalikuwa mengi, yakaungana, yakawa mvumo mmoja usiokuwa na mwenyewe. Mbwa na sisimizi walikuwa na sikukuu yao.

Nimol alishika bonge lake. Alifungua mdomo aseme Sambath, na mkono ukagoma. Kutupa pale kungekuwa kumtupia mtu ambaye hayupo. Aliona wazi, kama anavyoona kiganja chake, kwamba tonge lile lingelala kwenye nyasi mpaka sisimizi walimalize na mumewe asingelifikia. Akatoka kwenye mzunguko. Alisikia Chantha akimwita kwa sauti ya chini, "Wifi! Unakwenda wapi, wewe?" Hakugeuka. Aliteremka kilima na tonge kifuani, kwa njia ya tuta iliyokuwa na maji kila upande, mbingu ikianza kupauka kidogo tu, hajui anakokwenda.

Nyumba ya Phally ilikuwa njiani. Phally hakupanda kilimani. Mwenye mtoto mchanga hapelekwi kwenye mkusanyiko wa wafu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, mtoto mapajani, na alipomwona Nimol alishtuka, akataka kuinuka aingie ndani. Siku zote tangu habari zisambae alikuwa akimkwepa.

"Phally. Unanikimbia?"

"Shangazi, usinichukie."

"Nikuchukie kwa lipi, mwanangu?"

"Mimi ndiye niliyekula kuliko wote."

Nimol alisimama.

"Umesahau? Nilipojifungua maziwa yalikataa. Huyu alilia mpaka sauti ikamwisha. Wewe ukawa unaniletea mchuzi, mumunye na samaki, bakuli asubuhi, bakuli jioni, unanisimamia mpaka ninywe wote. Ndipo maziwa yakaja." Alikuwa anaongea upesi, macho chini. "Sasa mama mkwe ananiambia nimekula mume wa mtu. Anataka mtoto afungwe uzi mkononi, asije Mzee Sambath akamdai mwili wake."

Nimol alikuwa amesahau. Katika kumfuata Sambath kote kule, kwenye nondo na popo na bata na soko, hakukumbuka bakuli alilolibeba kwa mikono yake mwenyewe. Akamtazama mtoto. Alimfahamu tangu siku ya kwanza, alimwogesha, lakini sasa alimtazama kama anayesoma jina lake mwenyewe mahali asipotarajia. Mapaja yenye mikunjo, mashavu mazito, vidole vinavyofumba na kufumbua. Kitoto kilichokuja kimekauka kama kuni, na tazama. Kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa kimepitia kwenye ziwa la mama yake.

"Nimpakate," alisema.

Phally akampa. Alikuwa mzito. Nimol alisimama njiani na uzito ule mikononi, tonge likiwa limebanwa kwenye kiwiko, na akaanza kulia. Hakulia kwa huzuni peke yake. Ilikuwa furaha iliyomtisha, kwa sababu ya yule mtu aliyekuwa akilala macho gizani miaka yote ile, na kile alichokuwa akikiwaza.

Mtoto akaanza kuhangaika, akipapasa kifua chake kikavu kwa mdomo.

"Ana njaa, shangazi."

"Najua." Alimrudisha kwa mama yake. Kisha akanyoosha mkono wenye tonge. "Kula."

Phally akarudi nyuma. "Hicho si cha wafu?"

"Ni cha Sambath. Kula, mwanangu, upesi, kabla hakujapambazuka."

Msichana alimtazama machoni, akaona huyu mama hana wazimu wala hasira. Akapokea. Alikula kwa woga mwanzoni, kisha kwa njaa ya mtu anayenyonyesha, ufuta ukimshika midomoni, huku mkono mwingine ukifungua blauzi. Mtoto alishika ziwa. Koromeo lake dogo likaanza kupanda na kushuka. Juu yao popo wa kwanza walikuwa wanapita kurudi mivumoni, wengi, bila sauti, na maji ya pande zote mbili za tuta yalikuwa yameanza kushika rangi ya mbingu.

Chantha alifika akihema, kikapu mkononi, maneno tayari mdomoni. "Wifi, umeniacha pale kama mjinga, na watu wote wanani..." Akaona. Akamtazama Phally na tonge lililoumwa nusu. Akamtazama mtoto anayemeza. Kisha akamtazama Nimol na ule uso uliolowa. Mwanamke yule ambaye hakuwahi kukosa neno alikaa chini kwenye ngazi ya mwisho, karibu na maji.

Halafu akaingiza mkono kikapuni, akatoa tonge lake mwenyewe, akalisukuma mkononi mwa Phally.

"Ongeza," alisema. "Kaka yangu hakuwa mtu wa tonge moja."

Phally akala na hilo. Wanawake wawili walikaa chini yake wakimwangalia mtoto, bega kwa bega, bila haraka, kama watu waliofika mapema kwenye karamu. Kulipopambazuka mtoto aliliachia ziwa mwenyewe, mdomo wazi, tone la maziwa likimteremka kidevuni, macho yamekwisha kuzama usingizini. Phally alimfuta kwa kidole.

"Ameshiba," alisema.